Mwari Aliyeshiba

Fundi Brashi alikuwa hodari wa vibao vya maduka. Kichwa cha ng'ombe cha bucha, mkasi wa kinyozi, hivyo angekuchorea hata amefumba macho. Lakini ndege! Padri alimtaka achore mwari ukutani, nyuma ya altare: ndege yule mwenye mfuko chini ya mdomo, anayejidonoa kifua ili makinda yake yanywe damu. Wakristo wa zamani walimchora kuwa ishara ya Kristo aliyejitoa.

Basi Brashi akachora, tena damu akaimwaga bila choyo. Padri akaja, akatazama, akashika kiuno.

"Fundi, hii si bucha yako ile ile? Mbona ndege amekunja uso? Anawapa, au ananyang'anywa?"

"Baba padri, si anaumia!"

"Anaumia, ndiyo, lakini anapenda. Upendo uko wapi hapo? Ikifika Jumapili uko hivi, naupaka ukuta chokaa."

Makubwa! Kazi yake ya kwanza ya kanisa, na mama yake alishawatangazia majirani wote, hata wasiouliza. Brashi akaufuta ule uso mara nne. Mara ya kwanza ndege akawa kama ana jino bovu, ya pili kama amefiwa, na hizo nyingine tusizitaje.

Ijumaa mchana akarudi nyumbani, amechoka na ndege wake. Mama akampakulia wali na kipande kimoja cha samaki, kikubwa.

"Na wewe, mama?"

"Mimi nimeshakula jikoni, mwanangu. Nimeshiba hadi hapa." Akagusa shingo, akatabasamu, akakaa kumtazama akila.

Brashi akainuka kufuata maji ya kunywa. Jikoni sufuria lilikuwa tupu, na hakuna sahani nyingine iliyochafuka. Akakumbuka. Tangu yeye na dada zake wangali wadogo, baba hayupo, kila kitoweo kilipopungua mama alikuwa "ameshakula jikoni". Siku hizi hawakuwa na shida kiasi hicho, ila mazoea yana taabu. Miaka arobaini, na yeye zuzu anaamini! Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, lakini mwana naye ana macho, jamani.

Akarudi, akakigawa kile kipande katikati. "Kula, mama. Leo sidanganyiki."

Mama akacheka, akala. Alikuwa na njaa kweli.

Jioni ile ile uso wa mwari ukapatikana, kwa mara moja tu. Padri alipouona akasema, "Haya, sasa ndiyo," akaenda zake na chokaa yake.

Jumapili mama alikaa benchi la mbele na mwanawe. Jirani akamwinamia. "Kifua kinavuja damu, na yeye anatabasamu. Maana yake nini?"

Mama akautazama ule uso kwa muda mrefu.

"Anawaambia watoto ameshakula jikoni," akasema.

Kisha akamfinya Brashi mkono, kama alivyomfinya zamani alipopiga kelele kanisani. "Siri za jikoni kwangu umezileta hadi altareni, wewe," akanong'ona, huku machozi yanamtoka, na mkono hakuuachia mpaka misa ikaisha.