Kidari cha Nguruwe Aliye Hai

Nguruwe pori walipoingia mara ya kwanza kwenye shamba la Priska walikula mistari minne ya mahindi, wakalala juu ya mstari wa tano, na wa sita wakauangusha tu wakipita, kama watu walioshiba harusini wanaomega keki kwa kuionea. Priska aliyakuta hayo asubuhi, jembe begani, ukungu wa kule Uru mlimani bado umekaa. Hakulia. Alihesabu mistari iliyobaki, halafu akaihesabu tena kuanzia upande wa pili, labda ingeongezeka.

Shamba lilikuwa juu kabisa, pale migomba inapokoma na msitu wa mlima unapoanza, na halikuwa lake bado. Lilikuwa la mama mkwe wake, Eliona, ambaye mwaka huo magoti yalikuwa yamemgomea kulima. Mtoto wake mkubwa, Filemon, alilitaka apande miti ya mbao. Priska, mke wa mtoto mdogo, alilitaka alime. Eliona alimaliza ubishi huo akiwa anakamua ng'ombe, bila hata kugeuka.

"Priska alime msimu huu. Akivuna cha kueleweka, shamba ni lake. Asipovuna, Filemon apande miti."

Kisha akaendelea kuongea na ng'ombe.

Tangu siku hiyo Filemon alikuwa na miche mia mbili kwenye viriba nyuma ya nyumba yake, anaimwagilia asubuhi na jioni. Si mtu mbaya, tusimwonee. Ila kila alipokutana na Priska njiani alimwulizia mahindi kwa sauti ile watu wanayomwulizia mgonjwa ambaye madaktari wameshamrudisha nyumbani.

Mume wa Priska, Jesse, ni mwongoza watalii, na msimu wa wageni alikuwa anashuka mlimani, analala siku mbili, anafua soksi, anapanda tena. Alipopigiwa simu alisema waonwe wanaume wa ukoo. Kwa hiyo Priska alimeza mate, akaenda kwa shemeji yule yule wa miche, maana Filemon ndiye katibu wa baraza la wazee kanisani, katibu wa harusi na katibu wa misiba, na pale kwao hakuna jambo linaloanza kabla hajalifungulia daftari.

Filemon alifurahi mpaka Priska akaingiwa na wasiwasi. Jioni hiyo hiyo alifungua kundi la WhatsApp, akaliita Kamati ya Nguruwe, na Jumapili baada ya ibada kamati ikakaa uani kwa Priska. Alikuwapo Mzee Ndelilio, mkubwa wa ukoo, na koti lake la kanisani. Alikuwapo Sifael, kijana mwenye mbwa watatu, aliyekuja na mabuti ya mvua na tochi ya kichwani inayowaka saa saba mchana. Walikuwapo na binamu watano ambao hawakuwa na mbwa wala tochi, lakini walikuwa wamesikia kwamba Priska amepika kiburu, na kiburu cha Priska, ndizi na maharage vilivyopondwa vikakubaliana, hakihitaji mwaliko. Mbege, pombe ya ndizi, nayo ilikuwapo, ndoo nzima.

Kwa robo saa ya kwanza Priska alijiona mwenye bahati. Waliafikiana kwamba iandikwe barua kwa mtendaji wa kijiji ili kibali kiombwe kwa watu wa wanyamapori. Waliafikiana kwamba hakuna atakayevuka mpaka wa msitu, nguruwe wasubiriwe humo humo shambani. Mbwa wapo. Mikuki mitatu itachongwa na fundi Salehe, mchomeleaji wa mjini Moshi. Filemon aliandika yote, akapiga mstari kwa rula, akasoma ajenda ya mwisho: mengineyo.

Mzee Ndelilio akakohoa. Akauliza, kwa upole kabisa, kidari cha huyo nguruwe kitakwenda kwa nani.

Basi kazi ikaishia hapo. Katika ukoo ule, mbuzi akichinjwa, hakuna anayeuliza. Kidari ni cha mkubwa, shingo ina mwenyewe, mgongo una wenyewe, na mtu akipewa fungu la mwenzake kwa bahati mbaya, jambo hilo litatajwa kwenye msiba wake. Lakini kuhusu nguruwe pori hakuna babu aliyeacha maelekezo. Je, agawanywe kama mbuzi wa ukoo, au kama windo, aliyechoma wa kwanza achague? Sifael alisema paja ni la mwenye mbwa. Binamu mmoja aliuliza mbwa wenyewe watakula nini. Filemon, akiandika huku ameinamisha uso, aliuliza kama kuna fungu la katibu. Jua lilizama wakiwa wamefika kwenye ini.

Jumapili iliyofuata wakarudi, wakaanzia kwenye ini. Priska alipiga hesabu zake jikoni. Wiki hiyo nguruwe walikuwa wamekula mistari mitatu. Kamati ilikuwa imekula sufuria mbili na ndoo mbili. Na nguruwe angalau hawakuwa wameomba pilipili.

Siku hiyo ndiyo Salehe alipanda kutoka mjini kuja kuonyesha mkuki wa kwanza. Alikaa kando na chupa yake ya chai ya tangawizi, mbali na mbege, akasikiliza ugomvi wa mbavu kwa adabu. Mzee Ndelilio akamtazama kwa muda mrefu, kisha akatangaza kwamba mwamuzi amepatikana.

"Mzee, mimi nguruwe simli," Salehe alisema. "Wala akipikwa sikai hapa."

"Ndiyo maana," alijibu Mzee Ndelilio. "Wewe pekee ndiye huna mate mdomoni."

Salehe akakubali kwa sharti kwamba kila mtu atasikilizwa, na huko kulikuwa kosa, maana kila mtu alisikilizwa.

Wiki ya tatu uvumilivu ukamwishia Priska. Aliwaambia kwamba anayetaka kiburu akifuate shambani, akione na kilicholiwa. Hakutegemea waende. Walikwenda wote. Saa kumi na moja jioni walikuwa wamekaa kwenye magogo, pembeni mwa mahindi, moto umewashwa kwa sababu ya baridi, mbwa wa Sifael wamefungwa kwenye mti wa mpakani wakibweka kila jina la nyama lilipotajwa. Wakabishana juu ya kichwa mpaka saa tatu usiku.

Asubuhi Priska alipanda akiwa ameshajiandaa kuumia. Hakukuta hata alama ya kwato moja. Akasema ni bahati. Siku iliyofuata hakukuwa na kikao, na nguruwe walikuja wakala mistari miwili. Siku ya tatu kamati ilikaa tena, wakazozana kuhusu masikio, na usiku ule hakuna kilichoguswa.

Priska alisimama katikati ya mahindi yake, akafikiri. Moshi, mbwa, na sauti ya Filemon akisoma kumbukumbu za kikao kilichopita. Ukijiweka kwenye nafasi ya nguruwe, nawe usingekuja.

Kuanzia hapo akawa mwanakamati mwenye bidii kuliko wote. Kila jioni alipanda na sufuria. Wakielekea kuelewana, aliuliza swali dogo huku akipakua. Na mkia? Na wakipatikana wawili, mmoja mnene na mmoja mwembamba? Kila swali lilimpa siku tatu, nne. Sifael alijitoa kwenye kundi la WhatsApp kwa hasira akarudishwa kwa kuombwa. Mahindi yakabeba, yakakomaa, yakaanza kukauka.

Tatizo ni kwamba Salehe alikuwa anaifanya kazi yake vizuri. Wiki mbili kabla ya mavuno alisimama mbele ya moto, akamgawa nguruwe yule kuanzia puani hadi mkiani, fungu kwa fungu, jina kwa jina, na wote wakakubali. Hata katibu alipata fungu lake, figo moja. Mikuki mitatu ilikuwa imeegemezwa kwenye gogo inang'aa. Filemon akatoa barua mfukoni: kibali kimekuja. Halafu akasoma mpango wake wa Jumamosi. Siku tatu kabla ya hapo hakuna mtu kukanyaga shambani. Hakuna moto. Hakuna mbwa kubweka. Hakuna kuongea. Nguruwe waachwe waingie kwa raha zao, wajione wako kwao.

Priska alibaki na mwiko mkononi. Siku tatu za kimya. Nguruwe wangefyeka shamba zima mpaka Ijumaa, na Jumamosi kamati ingekuja kuwasubiri nguruwe walioshiba na kuondoka. Aliiona ile miche mia mbili ikipanda kilima kwa miguu yake.

"Samahani, wazee wangu," alisema. "Nina neno moja kwenye mengineyo."

Filemon alisema mengineyo yameshafungwa. Mzee Ndelilio, ambaye sahani yake ilikuwa bado mkononi mwa Priska, alisema yafunguliwe.

"Huyo nguruwe amenenepa kwa nini?"

Hakusubiri jibu.

"Kwa mahindi yangu," Priska alisema. "Mistari ishirini na moja, ninayo hesabu. Hicho kidari mnachokigawa ni mahindi yangu yaliyopitia tumboni mwake. Mimi ndiye niliyemlisha. Kwa mila yenu, aliyemfuga mbuzi hana fungu?"

 Wote wakasema kwa pamoja. Binamu mmoja alisema mlishaji ana haki ya paja. Sifael alisema labda paja la binamu. Mzee Ndelilio aliweka mkono kifuani pake, kama aliyeona kidari kinasogea.

Salehe alimtazama Priska. Akatazama mahindi yaliyosimama mstari kwa mstari nyuma yake, akawatazama mbwa, akautazama moto. Alikuwa amekaa jioni nyingi shambani pale, na si mjinga.

"Jambo hili ni zito," alisema bila kutabasamu. "Ugawaji wote unaanza upya. Naomba wiki mbili, na vikao viwe kila siku. Hapa hapa."

Filemon alisogeza Jumamosi mbele kwa kalamu nyekundu.

Siku ya mavuno Eliona alipanda na fimbo yake, akapumzika mara nne njiani. Alikuta mahindi yamerundikwa kama kichuguu, Jesse ameshuka mlimani anajaza magunia, na kamati yote imesimama kando na mikuki mipya isiyo na doa. Walimwamkia. Aliitikia, akalizunguka rundo lote, ndipo akamgeukia mwanawe mkubwa.

"Mmeua wangapi?"

Filemon alifungua daftari. "Kwa sasa, mama, tulikuwa tumefika kwenye fungu la mlishaji…"

"Nimeuliza wangapi."

"Hakuna."

"Sasa jioni zote hizo mlikuwa mnafanya nini huku?"

Mbwa mmoja alipiga miayo. Priska alikuwa ameinama anafunga gunia, na hakuinua uso.

"Walikuwa wanapanga, mama."

Eliona alitazama rundo, akatazama mikuki, akamtazama Priska, na mabega yake yakatikisika kidogo.

"Shamba ni lako," alimwambia. Kisha akawageukia wanaume. "Na ninyi, mwakani mpange tena. Muanze mapema."

Miche ya Filemon ilikuwa imeshatoboa viriba na kuota mizizi pale pale nyuma ya nyumba, imemzibia njia ya chooni. Lakini katibu ni katibu. Aliandika agizo la mama yake neno kwa neno, akapiga mstari kwa rula, halafu akainua kalamu na kuuliza kama kiburu cha mwakani kitakuwa na nyama.