Mashati ya Marehemu Fransisko

Saa nne asubuhi Kunegunda alianua mashati matano ya marehemu mumewe, na kabla hajafika mlangoni yote yalikuwa yamemnata: mawili mgongoni, mawili kifuani, moja usoni. Akalibandua la usoni apate kuona njia. Ilikuwa Julai, baridi kavu ya Songea, na mashati yenyewe nailoni, mitumba iliyojaa mtaani Msamala tangu biashara iachiwe huru.

Mila ya ukoo ilijulikana. Mjane hufua nguo za marehemu, wanaume wa ukoo wakagawana, matanga yakaisha. Na matanga yakiisha, shemeji mtu, Rupert, anachukua nyumba. Nyumba ile matofali yake alifyatua Kunegunda kwa mikono yake, tena mjamzito. Lakini nani aliuliza?

Mara tatu ukoo ulikaa kugawana, mara tatu nguo zikagoma. Rupert akivuta shati, linapiga cheche na kumrudia mjane. Suruali moja aliibeba kwa nguvu hadi kwake Mpitimbi. Jioni ilirudi yenyewe, inatembea, imejaa vumbi la barabarani. Kunegunda akaifua tena.

Jirani yake Kasiana alimwambia aziache hivyo hivyo. “Zikunate mpaka Krismasi, dada. Zisipogawanywa, hakuna wa kukutoa humu.”

Kunegunda alikubali. Kumbe Rupert alijua pa kumchoma. Jumapili, watu wakitoka misani, alitangaza kwamba mke wa kaka yake hajui kufua. Nguo zina shoti kwa sababu hazisuuzwi zikatakata. Jumuiya nzima ikasikia. Mwanamke aliyefua vitambaa vya altare miaka kumi na tisa! Kunegunda alirudi nyumbani na hasira zake.

Basi akafua. Alisuuza kwa maji yenye siki, akaanika kivulini, akaanua zingali na unyevunyevu. Akabana pini za chuma kwenye mapindo zimalize cheche. Akafumua sweta kuukuu la sufu, akaviringa madonge, akayapanga kapuni katikati ya nguo zisisuguane. Hakununua kitu, pini zile zile na madonge yale yale yalitumika mpaka nguo ya mwisho. Alijua anachokifanya, na kila alipokumbuka nyumba alizidi kusuuza.

Alasiri ukoo ukakaa. Rupert akavuta shati la kwanza, likaja kimya.

“Kumbe unajua kufua, shemeji,” alisema.

Wakagawana, wakasali, wakala. Kabla jua halijazama kufuli la mlango lilikuwa jipya, na Kunegunda yuko kwa Kasiana na beseni lake.

“Sasa umepata nini?” Kasiana alimuuliza.

“Hawatasema tena sijui kufua,” alijibu, akalia kwa uchungu.

Jumatatu mke wa Rupert, aliyekwisha kuhamia, alimletea furushi la magauni ya nailoni. Alisema yanamnata vibaya, na ukoo mzima umemsifia Kunegunda kwa kazi ile.