Sahani ya Bwana Shamba

Hyasinta alihamia kijiji kipya na kitanda kimoja, jiwe la kusagia, kuku wanne, na paka wawili ndani ya tenga la samaki. Lori la operesheni ya vijiji liliwabeba kutoka upande wa Kisorya na kuwashusha kando ya barabara ya Bunda. Watu walilia njia nzima wakiyaaga mashamba yao. Paka hawakulia. Lile tenga lilikuwa limebeba furu kwa miaka saba, nao walilamba fito zake mwanzo wa safari hadi mwisho, wakidhani wanapelekwa karamuni.

Masikini, hawakujua.

Yule mkubwa, dume la kijivu, aliitwa Bwana Shamba. Jina alipewa na marehemu Masatu, mume wa Hyasinta, mvuvi aliyependa mzaha kuliko tumbaku. Enzi hizo bwana shamba wa serikali alikuwa akija na kaptula ya kaki kukagua pamba. Anashika jani, analinusa, anakunja uso, anaondoka bila kusema neno. Siku moja paka huyu, bado mdogo, aliwekewa kichwa cha kambare. Akakinusa, akakunja uso, akaenda zake. Masatu alicheka mpaka akakohoa. "Na huyu naye ni bwana shamba!" Jina likakaa. Jike jeupe lililokuja baadaye likaitwa Karani, kwa sababu halikuwa na maamuzi yake. Lilingoja mkubwa akubali, ndipo nalo ligonge muhuri.

Masatu alikufa kwa kifua miaka miwili kabla ya lori. Mwana wao wa pekee, Alfonce, aliuza katika duka la mtu pale Iringo, Musoma mjini, na barua yake ya mwisho ilikuja Hyasinta akiwa bado ziwani. Huku kijijini hakuna iliyofika. Kila alipokutana na mtu anayekwenda Musoma alimtuma salamu, na kila mtu aliahidi kuzifikisha.

Nyumba za kijiji kipya zilipangwa mistari kama mahindi, na Hyasinta alipewa ya mwisho katika mstari wa tatu. Waliotoka naye ziwani walitawanywa mistari mingine. Majirani zake walikuwa watu wa Bunda, watu wa pamba na ng'ombe, waliosemezana kwa lugha yao. Walimsalimu kwa Kiswahili, akaitikia, nao wakarudi kwenye lugha yao na kucheka, na yeye hakujua wanacheka nini. Ziwani alikuwa na jirani mmoja tu, tena wa mbali, wa kuitwa kwa kelele kuvuka shamba la mihogo, na hakuwahi kujiona mpweke. Hapa alisikia mpaka jirani akipiga chafya, na alikuwa mpweke kweli kweli.

Mwaka ule mvua ilikataa. Serikali ikaleta unga wa mahindi ya njano, ule watu waliouita unga wa yanga, na kijiji kizima kikala yanga asubuhi na jioni. Bwana Shamba aliletewa yanga. Akanusa, akakunja uso, kisha akafanya jambo ambalo Masatu hakuwahi kufanyiwa: akakwangua sakafu kwa mguu wa mbele, kana kwamba anafukia uchafu. Karani naye akafukia.

"Wewe!" Hyasinta aling'aka. "Chakula nilichopangia foleni tangu alfajiri ndicho unachokizika?"

Akajaribu yanga na mlenda. Wakafukia. Akajaribu yanga na maziwa kidogo aliyopewa kwa kumsaidia mtu kupalilia. Karani alitaka, akamtazama mkubwa wake, akaacha. Siku ya tano mbavu za dume zilianza kuhesabika. Hyasinta akamshika chini ya kidevu, pale alipopenda kushikwa na Masatu. Duniani walibaki hao wawili tu waliokuwa wamekaa na Masatu jioni kwa jioni. Wakifa hao, atamkumbuka na nani?

Kila Jumanne alipita mchuuzi mmoja na baiskeli, Mihayo, na furu wakavu kutoka ziwani. Hyasinta alibadilishana naye mayai. Mayai yenyewe ndiyo aliyokuwa akinunulia mafuta ya taa, kwa hiyo taa ikazimwa mapema. Furu wale akawaloweka maji ya moto, akawatoa miiba mmoja mmoja, akawaponda na kidonge cha ugali. Bwana Shamba akanusa. Hakufukia, lakini hakula pia. Alikaa tu akitazama kando, na mkia ukipiga sakafu.

Jioni hiyo sahani yake Hyasinta ilikuwa chafu, akapakua chakula chake na furu waliokataliwa kwenye sahani ya Masatu, ile ya bati yenye ua jekundu katikati. Akaiweka chini, akageuka kuchochea kuni. Nyuma yake akasikia sahani ikisogea sakafuni, na mlio wa kutafuna.

Akabaki ameinama hivyo hivyo, na machozi yakamtoka. Alikuwa amesahau. Masatu alikuwa na mchezo wake: kila jioni aligeukia ukutani, akijifanya anatafuta kopo la ugoro, mpaka dume limwibie samaki. Kisha anageuka na kufoka, "Nani amenilia samaki wangu?" Kila jioni, miaka yote. Paka yule hakuwahi kula chakula cha kupewa. Alikuwa amelelewa kula cha kuiba.

Basi utaratibu ukawa huo. Jua likizama, Hyasinta anafunga mlango, maana aliona aibu kuwapa paka samaki wakati watoto wa watu wanakula yanga kwa chumvi. Anapakua sahani mbili, yake ya yanga na mlenda, na ya Masatu yenye furu. Anazima taa, kuni zinatosha. Anageukia ukuta. Asubuhi anaosha sahani zote mbili na kuzianika kichanjani.

Na sauti yake ilikuwa ile ile ya ziwani, ya kuvuka shamba la mihogo.

"Bwana Shamba! Ulikuwa wapi tangu asubuhi? Ingia ule, nimekutolea miiba!"

"Shuka kitandani, Bwana Shamba, miguu yako ina matope!"

Wa kwanza kuja alikuwa Justina, jirani wa ukuta kwa ukuta, ambaye miezi minane hakuwahi kuvuka kizingiti. Aliomba kaa la moto. Kesho yake akaomba ungo. Kesho kutwa akarudisha ungo, akasimama sana mbele ya kichanja, akizitazama zile sahani mbili. Kisimani wanawake wakaanza kumpisha. "Mama Alfonce, karibu uteke, sisi tutasubiri." Mmoja akamuulizia mgongo wake. Hyasinta alirudi na ndoo kichwani akijisemea kwamba kumbe watu wa hapa ni wema, walikuwa wanamchunguza tu.

Siku Justina alipokuja bila kuomba kitu, alishusha sauti. "Mama Alfonce, mimi sina neno. Mtu mzima ni mtu mzima. Lakini umwambie awe anapitiaga nyuma. Watu wanaonaga."

"Nani huyo?"

"Si huyo Bwana Shamba wako."

Kijiji kilikuwa na bwana shamba wake, naam. Kijana wa serikali, Werema, mwenye baiskeli na kaptula ya kaki, na mke aitwaye Dafroza, na mtoto wa miezi sita. Jioni alizungukaga mashamba kuhakikisha miti ya pamba ya zamani imeng'olewa na kuchomwa. Hyasinta alikuwa amemwona mara mbili, tena kwa mbali.

Kicheko kikampanda mpaka kooni. Alifungua kinywa aseme, ni paka, mwenzangu, ni paka! Ila Justina alikuwa amevuta kigoda na kukaa. Hakuna mtu aliyekuwa amekikalia kigoda kile tangu kishushwe kwenye lori. Alikuwa amekaa vizuri, amekunja miguu, anangoja.

Hyasinta akafunga kinywa. "Ngoja nikupashie uji," akasema.

Hapo ndipo alipokosea, na alijua kwamba anakosea. Kwa wiki mbili alikuwa na wageni. Walimwita shangazi, walimfundisha salamu ya kwao, wakamcheka alipoikosea, na sasa alijua wanacheka nini. Hakusema uongo. Walipomchokoza, "Bwana Shamba hajambo?" alijibu, "Hajambo, anachagua tu chakula," wakapigana makofi ya viganja. Alilala vizuri siku hizo.

Kisha Jumatatu moja, kisimani, mtu akasema Dafroza amefunga mizigo. Kesho asubuhi anapanda gari kurudi kwao Butiama na mtoto wake. Mume ameapa kwa Mungu na kwa mama yake kwamba hajui hata nyumba ya Mama Alfonce ina milango mingapi, na kwa kuapa huko mke ndiyo amezidi kuamini.

Wanawake walimtazama Hyasinta, wengine wakitabasamu. Yeye akaacha ndoo pale pale.

Alijua atakachopoteza. Akisema ni paka, hana tena cha kumfanya mtu avute kigoda. Na watauliza paka anakula nini. Alitembea huku akijibembeleza kwamba si kazi yake, kwamba hakumtongoza mume wa mtu, kwamba ndoa ikivunjwa na paka basi haikuwa ndoa. Lakini miguu ilikuwa imeshaelekea mstari wa kwanza.

Dafroza alikuwa mlangoni, macho mekundu, mtoto mgongoni. Heshima haikumtoka hata hapo. "Shikamoo, mama," alisema.

"Marahaba, mwanangu. Usinitukane kwanza. Njoo umwone anayekulaga kwangu. Ukishamwona, utukane unavyotaka."

Walipofika jua lilikuwa linazama, na Justina alikuwa ameshaingia nyuma yao. Hakuna ambaye angemzuia. Hyasinta akapakua sahani mbili. "Sasa tugeukie ukuta," akasema. "Mkimtazama hali."

Wakasimama wanawake watatu na kitoto kimoja, nyuso ukutani kama wanafunzi waliochelewa shule.

"Bwana Shamba!" Hyasinta akaita. "Ingia ule, nimekutolea miiba!"

Wakangoja. Kisha bati likakwaruza sakafu. Mtu akatafuna.

Dafroza aligeuka wa kwanza. Paka la kijivu, lenye sikio moja lililokatika, lilikuwa limezamisha pua kwenye ua jekundu, na jike jeupe limekaa pembeni likingoja ruhusa. Dafroza akaziba mdomo. Kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka akakaa chini, akalia, akacheka tena, na mtoto mgongoni akacheka kwa kuwa mama yake anatikisika. Hyasinta naye akacheka. Kwa muda mfupi ilikuwa nyumba ya watu.

Justina ndiye aliyeinama. Akachungulia sahani.

"Furu," akasema. "Mama Alfonce, hawa ni furu?"

Hyasinta akaitikia kwa kichwa.

"Wanangu wanakulaga yanga na chumvi. Ukutani hapo hapo." Hakupandisha sauti. "Mimi nilikuwaga nakuonea huruma."

Dafroza akanyanyuka, akajifuta macho kwa pembe ya kanga. Aliona kichanja, taa iliyozimwa, sahani ya pili yenye yanga na mlenda. "Na hiyo yenye ua ni ya nani, mama?"

"Ya mume wangu."

Dafroza akamsogelea. Akamshika Hyasinta mkono, akauachia, akaaga. Justina alikuwa ameshatoka.

Kijiji kilicheka siku tatu. Siku ya nne hakikucheka tena, na hakuna aliyekuja. Kisimani hawakumpisha, wala hawakumnunia. Alipanga foleni kama mtu yeyote. Dafroza hakwenda Butiama. Werema alipopita na baiskeli alipiga kengele, akapaza sauti kutoka barabarani, "Shikamoo mama! Wajina hajambo?" Lakini hakusimama, na nani angemlaumu?

Jumanne Hyasinta alibadilishana mayai na Mihayo, akachukua nusu ya furu akapeleka kwa Justina. Justina alipokea kwa mikono miwili, akashukuru vizuri, akabaki amesimama mlangoni mpaka mgeni akaaga. Baadaye, kupitia ukutani, Hyasinta aliwasikia watoto wakigombania kichwa cha samaki. Akafurahi, na ikamuuma pia.

Jioni ile akafunga mlango, ingawa hakukuwa na siri tena. Akapakua. Furu walikuwa wachache, yanga nyingi. Aliweka sahani ya Masatu chini na kabla hajageuka, Bwana Shamba akaja mbio, akainamisha kichwa, akala. Alikula mbele ya macho yake, yanga na yote, bila kunusa, na Karani akaungana naye bila kungoja ruhusa. Pengine ni njaa. Pengine, tangu aonwe na watu wote wale, hakuona tena sababu ya kuiba.

Lilikuwa jambo la kushukuru. Paka aliyeacha kuchagua ni mzigo uliopungua, na sasa angeweza kuwasha taa akakaa akiwatazama, kama watu wengine wenye paka.

Hyasinta akazima taa. Akasogeza kigoda, akageukia ukuta, akasikiliza sahani ya bati ikisogea sakafuni na mlio wa mtu anayekula nyumbani mwake.

"Nani amenilia samaki wangu?" akauliza, kwa sauti ndogo ambayo Justina asingeisikia.

Nyuma yake kutafuna kuliendelea, naye hakugeuka mpaka kulipokwisha.