Sato wa Padri Florian

Banda la video la Chenge liko Kirumba, karibu na soko la samaki la Mwaloni, na jiko langu limeegemea ukuta wake wa nyuma. Mimi nakaanga sato, yeye anatafsiri filamu. Anakaa pembeni ya televisheni na kipaza sauti, Wazungu wanasema yao, yeye anatugeuzia kwa Kiswahili na kuongeza chumvi. Chumvi nyingine inatoka kwangu. Nikimpelekea chai namnong'oneza neno, mara unamsikia jenerali wa Kizungu akimgombeza mkewe kwa kuunguza senene, panzi wetu watamu. Watu wanapiga mabenchi kwa kicheko.

Ijumaa ile sikuwa na chumvi. Filamu ilimhusu bwana mmoja mwenye ndevu, mtumishi wa serikali ya huko kwao, aliyegundua kwamba wakubwa wake wanatunga uongo ili wapate vita. Akaichukua siri, akawa anahangaika kuitangaza. Na kwenye benchi la mbele mjukuu wangu Winnie alikuwa akimtazama kama mtu anayejitazama kwenye kioo.

Winnie ni karani wa ofisi moja ya serikali. Usiniulize ipi, nimebakiwa na meno manne na bado nayapenda. Kazi yake ni kurekodi vikao kwa simu. Siku moja walimwambia azime, akabonyeza kitufe sicho, simu ikaendelea kurekodi. Wakubwa walikuwa wanapanga kuichoma kambi ya wavuvi wetu wenyewe kisiwani Jumapili, halafu waseme majirani wa ng'ambo ya ziwa ndio waliochoma. "Vita ndogo tu," mmoja alisema. Rekodi hiyo nimeisikia kwa masikio yangu. Vita ndogo tu, kama mtu anayeagiza soda.

Kambini kule yuko mwanangu Rwegasira, nyavu zake, na watu ambao hata siwajui majina.

Sabina wa redio, pale Mirongo, aliahidi kuitangaza sauti ile kwenye taarifa ya jioni, mradi aipate mkononi. Tulikuwa tunangoja soko lifurike ili Winnie apotelee katikati ya watu. Kadi ya kumbukumbu ya simu, yenye sauti hiyo, niliifunga kwenye nailoni, nikaisukuma tumboni mwa sato niliyekwisha kumkaanga, yule aliyekatika mkia, nisije nikamsahau.

Ndipo wakaingia wanaume wawili. Niliwaona kupitia tundu la ukuta. Nikaanza na miguu. Mwaloni hata diwani ana magamba ya samaki kwenye viatu, lakini hawa viatu vyao viling'aa kama sufuria ya harusi. Wakakaa karibu na mlango, wakaanza kukagua vichwa, kimoja kimoja. Hawakuitazama filamu hata kidogo.

Nikamimina chai, nikampelekea Chenge.

"Mwambie Winnie aje jikoni," nikamnong'oneza. "Mwambie ndani ya filamu. Usiongeze kitu."

"Bibi, kuna nini?"

"Usiongeze kitu, Chenge!"

Kwenye televisheni mke wa yule mwenye ndevu alikuwa analia. Chenge akakohoa, akabana sauti: "Mume wangu, usigeuke nyuma. Njoo jikoni kwa bibi, samaki wako anaungua."

Watu wakacheka. Na Chenge, jamani, kicheko kwake ni kama petroli. "Harakisha, baba watoto! Wageni wako mlangoni, viatu vinang'aa hata mbu anachania nywele!"

Banda zima likaangua kicheko. Mmoja wa wale wawili akainamisha kichwa, akaviangalia viatu vyake. Kisha akasimama.

Winnie aliingia jikoni. "Bibi, wamenijua?"

"Nyamaza. Vua miwani. Na hilo wigi." Nikampaka masizi usoni, nikamfunga kitenge changu kinachonuka mafuta, nikamtwika beseni la sato. Alipogeuka atoke, yule mwanaume alikuwa amesimama mlangoni, simu mkononi. Juu ya kioo niliiona picha: Winnie wa ofisini, wigi na miwani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, baba. Karibu moshi."

"Namtafuta huyu dada."

Nikaisogeza picha mpaka puani. "Mzuri. Amekukimbia na mahari?"

Hakucheka. Alimtazama Winnie. Beseni likaanza kutetemeka, samaki wakagongana kama meno ya mtu mwenye homa.

"Na huyu?"

"Msaidizi wangu. Ana malaria, ndiyo maana anatetemeka, lakini watu wanataka samaki. Sogea asije akakutapikia hivyo viatu."

Akasogea hatua moja tu. Kisha akapeleka mkono kwenye beseni na kuchukua sato. Sikuhitaji kuangalia mara mbili. Hana mkia.

Moyo wangu ulisimama. Mkono wangu haukusimama: nilimchapa kofi la kiganjani, kofi la mama kabisa, samaki akarudi kwenye beseni.

"Huna adabu! Huyo wa Padri Florian! Leo Ijumaa, nyama kwake mwiko, unataka aile upate laana wewe?"

Akabaki ameshika kiganja kama mtoto. Hata mwenye bunduki alizaliwa na mtu.

"Samahani, bibi."

"Chukua huyu, ana kichwa kikubwa. Na wewe, mgonjwa, toka! Padri anangoja!"

Winnie akatoka. Hakukimbia. Nilimsikiliza mpaka ndara zake zikamezwa na kelele za soko. Yule bwana akamla sato mzima, taratibu, huku ananitazama mikono. Nikaificha kwenye unga.

Jioni, Chenge alizima filamu kabla haijaisha, akafungulia redio. Sauti ile ikatoka: vita ndogo tu. Hakuna aliyepiga benchi. Usiku huohuo Rwegasira akanipigia. Kambi nzima imehamia nchi kavu.

Jumapili hakuna kilichowaka. Winnie hajarudi, na sitasema yuko wapi. Watu wanamdai Chenge mwisho wa filamu ile, yule mwenye ndevu alipona au alikamatwa? Chenge anasema hajui, mkanda umeharibika.

Leo asubuhi yule bwana wa viatu vinavyong'aa amerudi, amekaa mbele ya jiko langu, ameagiza sato. Amevaa ndara. Ni mpya, bado zina karatasi ya dukani.

"Mwenye mkia au asiye na mkia?" nikamuuliza.

Akatabasamu. "Wa Padri Florian," akasema, na mafuta yanachemka.