Maadamu Imeshafunguliwa

Vumbi la chuma lilielea kwenye mwanga wa dirisha la gereji, likang'aa, likatua taratibu juu ya injini iliyofunuliwa. Mwenye gereji, ambaye mtaa mzima ulimwita Bado Kidogo, akalipuliza. Likapanda, likazunguka, likarudi kutua palepale.

Injini ile kuukuu ya gari lake mwenyewe ilikuwa na kosa moja tu. Gasketi, kile kizibo chembamba cha juu ya silinda, ilikuwa imeungua, na gari lilikuwa likichemka kila lionapo kilima. Gasketi mpya aliinunua siku ya kwanza. Kazi ya mchana mmoja, basi, na mama yake mzazi angefika kwa dada yake.

Mama alikuwa na dada mmoja tu duniani, mkubwa wake, mgonjwa wa kitandani, ng'ambo ya mlima. Mgongo wa mama haukuwa wa kupanda basi tena. "Si tukodi gari?" mkewe aliuliza. "Fundi mzima nikodi gari? Watu watanicheka. Bado kidogo tu." Mama akafunga mkoba wake, akauweka nyuma ya mlango.

Lakini injini ikishafunguliwa huota ulimi, na ulimi wake ni mtamu. Maadamu imeshafunguliwa, mbona ringi zimechoka? Akazitoa. Maadamu imeshafunguliwa, silinda nazo zichongwe, ziingie pistoni kubwa zaidi. Akazichonga. Maadamu imeshafunguliwa, kwa nini ipande mlima ikihema kama mzee mwenye pumu? Aipe kabureta mbili, aipe vali pana. Magari ya watu aliyamaliza kwa siku mbili. La kwake lilizidi kupungua, kipande baada ya kipande, mpaka likabaki bodi na viti.

Alimpenda mama yake. Hilo lisemwe wazi, asije mtu akadhani vingine. Alitaka ampandishe mlima ule bila mgongo kujua kuwa kuna mlima. Na alitaka pia, tusifichane, mafundi wenzake wasikie mlio wa gari lake wageuze shingo. Mapenzi na majivuno vilikaa benchi moja, na yeye mwenyewe hakujua kipi kilishika spana.

Kila asubuhi mama alipita mlangoni. "Bado, baba?"

"Bado kidogo, mama."

"Ngoja ngoja huumiza matumbo," mkewe alimchokoza. Akacheka, naye akacheka. Wiki ikazaa mwezi, mwezi ukazaa mwenzake, na siku moja mke akaacha kuchokoza.

Simu iliita asubuhi, chai ikiwa mezani. Mkewe akapokea, akasikiliza, akatoka hadi gereji akasimama bila kuingia. "Mama mkubwa ametutoka," akasema.

Gari la kukodi lilipatikana kwa nusu saa. Nusu saa! Lilikuwa bovu kuliko lake, mlango mmoja umefungwa kwa kamba. Mlimani lilichemka, likasimama, likanyweshwa maji, likapanda tena likikohoa. Na likafika. Njia nzima mama alishika kiti cha mbele kwa mikono miwili, hakulalamika hata mara moja. Bado Kidogo alikaa pembeni yake, akitamani lizimike kabisa, lishindwe, limpe kisingizio. Halikushindwa.

Waliporudi kutoka mazikoni alikwenda moja kwa moja gereji. Airudishe ilivyokuwa? Aliitoa gasketi kwenye karatasi yake, akaiweka juu ya silinda. Haikukaa. Matundu yake yalikuwa madogo sasa, maana silinda alishazipanua kwa mikono yake mwenyewe. Aendelee mbele basi, aimalize, ingurume? Ingurume imfurahishe nani? Nyuma hakurudiki na mbele hakuna mtu. Alijichukia, akakaa sakafuni penye mafuta, akalia kama mtoto.

Akasikia ndara za mama. Akajifuta uso kwa tambara, akazidi kujipaka weusi, akasimama kungoja kugombezwa. Aliomba agombezwe. Hata kofi angelipokea kwa shukrani.

Mama aliitazama injini, pistoni zilizopangwa juu ya gazeti, kabureta mbili ziking'aa. Akamwokotea spana iliyoanguka, akamtia mkononi.

"Sasa ifanye taratibu, baba," akasema. "Mimi sina safari tena."