Mkeka Mlangoni pa Ofisi ya Barabara

Siku niliyotoka eda sikwenda sokoni wala kwa ndugu. Nilioga, nikasali, nikaenda kumsalimia marehemu mume wangu, Mohamedi, baba wa binti yetu Raudha, kwenye shamba letu la mikorosho, pale tulipomlaza karibu na barabara ya Nachingwea. Kichwani pa kaburi nikakuta pamepigiliwa kigingi cha zege chenye rangi nyekundu.

Astaghfirullah. Mgeni gani huyu aliyekuja nikiwa ndani?

Habari za barabara nilikuwa nazisikia kupitia ukutani. Lami inakuja, lami inakuja. Na mimi lami naitaka kuliko wote, kwa sababu Mohamedi alifia njiani, gari limezama kwenye tope la masika, hospitali hatujaiona. Lakini kigingi kile kilikuwa mpaka wa barabara, au katikati yake? Kaburi lilikuwa ndani au nje? Hilo tu ndilo nililotaka kuambiwa.

Nikaenda kwa Halfani, mtendaji wa kijiji.

"Shemeji, taarifa zilitolewa," akasema, hata kiti hajanipa. "Mkutano ulifanyika pale ghalani, wataalamu wakaeleza. Wewe hukuja."

"Nilikuwa eda, Halfani."

"Sasa eda na barabara wapi na wapi?"

"Hukujua kama niko eda? Si ulikuja kwenye arobaini, ukala wali mpaka ukaomba wa kufungiwa? Kusimama nje ya mlango ukaniambia, nani alikuharamishia?"

Akacheka peke yake, kisha akaacha. "Mchoro uko ofisi ya mradi, Nachingwea. Mimi sina."

Kesho yake nikaondoka na jirani yangu Dafrosa. Yeye ni Mkatoliki, mdomo wake hauna breki, na ukuta wa nyumba yake una alama ya X ambayo hakuna aliyemweleza maana yake. Nilibeba mkeka wangu mkubwa wa ukindu, maana adhuhuri ingenikuta huko.

Nje ya ofisi pamesimama bango. Nikalisoma polepole: TAARIFA ZA MRADI ZIPO WAZI KWA UMMA. Kijana wa ofisi, Amri, akatusikiliza dirishani.

"Shikamooni, mama zangu. Mchoro? Ule ni wa kitaalamu, hamtauelewa."

"Acha tusiuelewe huku tunautazama," Dafrosa akamjibu.

"Bosi hayupo. Njooni wiki ijayo, na mje na barua ya mtendaji."

"Mwanangu," nikamwambia, "hapo nje mmeandika wazi. Kitu kilicho wazi kinafunguliwa kwa barua?"

"Ndiyo utaratibu, mama."

"Haya. Tutakaa."

"Mtakaa mpaka lini?"

"Nimetoka kukaa miezi minne na siku kumi. Kukaa ndiyo kazi ninayoijua kwa sasa."

Nikatandika mkeka mlangoni, chini ya bango. Nikavua ndala, nikanyoosha miguu, nikajifunika kanga mpaka usoni kwa ajili ya jua. Dafrosa akafanya vivyo hivyo. Wallahi sikuwa na hila yoyote. Lakini wanawake walionyoosha miguu kwenye mkeka mlangoni, kanga usoni, kwetu wana maana moja tu.

Wa kwanza alikuwa mama muuza mihogo. Akatua beseni, akavua ndala, akaketi.

"Poleni jamani. Nani ametutoka?"

Kabla sijafungua mdomo, Dafrosa akavuta pumzi ndefu. "Mchoro."

"Mchoro mtoto wa nani?"

"Wa barabara. Wameufungia humo ndani, hata kuuona tumekatazwa."

Yule mama akacheka mpaka akashika ubavu, lakini hakuinuka. "Basi nami nakaa. Kibanda changu wamekipaka X, na ninayemuuliza haniambii."

Wakaja wengine. Wanaume wakasimama upande wa pili, kofia mkononi, wananong'ona kama wanavyonong'ona msibani. Mtu akaleta benchi. Dereva wa mradi, alipotuona, akazima muziki kwenye gari.

Amri akatoka. "Mama, ndiyo mnatuletea msiba ofisini?"

"Mmeufungia wenyewe kabatini. Sisi tumekuja kuzika tu."

"Nikiita polisi?"

"Waite. Watavua viatu."

Akarudi ndani. Nikamsikia kwenye simu: "Hapana bosi, hawapigi kelele. Wamekaa. Ndiyo bosi, wamekaa tu." Alipotoka tena alishika karatasi refu lililoviringishwa.

"Viatu!" Dafrosa akamkumbusha.

Akavua. Soksi ilikuwa imetoboka, kidole gumba kinachungulia, watu wakajikaza wasicheke. Akapiga magoti akautandaza mchoro juu ya mkeka. Tukaona daraja, tukaona shule, tukaona ghala letu la korosho. Nikamwonyesha lilipo shamba.

"Kigingi chekundu ndio mpaka," akasema taratibu. "Kaburi liko upande gani wa kigingi, mama?"

"Upande wa barabara."

Akainama.

"Sema, mwanangu. Kwa sauti, na wenzangu wasikie."

"Liko ndani, mama. Litahamishwa kabla ya masika."

Nikasema inna lillahi, mara ya pili kwa mtu yule yule.

Amri akaanza kuviringisha karatasi lake. Nikaweka kiganja juu yake.

"Haurudi kabatini."

"Ni mali ya ofisi, mama!"

"Na mkeka ni wangu. Kaburi nitalihamisha, mimi na shehe wetu, siku tutakayoijua sisi. Mohamedi hatafukuliwa na greda eti kwa sababu mjane wake hakuambiwa. Lakini huu unakwenda kubandikwa ghalani kwetu, kila mtu aone nyumba yake."

"Nakala ni hii moja tu."

"Stesheneri ile pale," mama wa mihogo akanyoosha kidole. "Tutakusindikiza."

Msiba mzima ukainuka. Amri mbele na soksi zake, viatu amevisahau, sisi nyuma. Mashine ilikuwa ndogo, mchoro ukatoka vipande vipande, nasi tukauunga kwa gundi ghalani. Dafrosa alipoiona nyumba yake akatulia: jiko ndilo linakwenda, vyumba vinabaki.

Halfani akapita. "Shemeji, nani ameruhusu kubandika?"

"Umma. Kasome bango lenu."

Jioni nikarudi kaburini. Nikasoma Yasini, nikakiangalia kile kigingi, nacho hakikunitisha tena.

"Utahama, baba Raudha," nikamwambia. "Ila safari hii njia naijua."