Ruhusa ya Shufaa

Nyumbani kwa Mwaija, Mlingotini, mtoto hasemi mbele ya wakubwa waliokaa mpaka aombe ruhusa. Husimama kando ya mkeka, akasema, "Naomba ruhusa," kisha akangoja aambiwe, "Sema." Shufaa aliishika adabu hiyo kuliko watoto wote wa mtaani. Siku moja alisimama mbele ya wageni wa Abdillah, mume wa Mwaija, akaomba ruhusa. Wanaume walikuwa wamezama katika habari za bei ya samaki, hakuna aliyemsikia. Alipokuja kupewa nafasi, wali ulikuwa umeungua jikoni.

"Si ungepiga kelele tu, mwanangu?" Abdillah alimuuliza huku akicheka.

"Hamkuniruhusu, baba."

Kisa hicho kilizunguka mtaa mzima kama sifa ya malezi ya Mwaija. Yeye mwenyewe alikuwa akikisimulia kwa fahari, mpaka ilipokuja kesi.

Mwaija hakumzaa Shufaa. Mama mzazi, Mina, alikuwa jirani yao, akafariki siku chache baada ya kujifungua. Baba, Feisal, kijana fundi mwashi, alimkabidhi Mwaija kile kichanga mbele ya wazee, ikasomwa Fatiha, naye akaenda Tanga kutafuta kazi. Mwanzoni alileta salamu, baadaye zikakatika. Mwaija, ambaye Mungu hakumjalia mtoto wa tumboni, akawa Mama Shufaa kwa kila mtu, hata kwa muuza vitumbua.

Mtoto alipofika darasa la tatu, Abdillah alisema kwamba Fatiha inatosha mbele ya Mungu lakini serikali ina utaratibu wake. Wakapeleka mahakamani, Bagamoyo, maombi ya kumwasili, awe mtoto wao kisheria. Sheria inataka mzazi aliye hai atafutwe na asikilizwe. Feisal akatafutwa, na hakuwa mbali: alikuwa Mapinga, amejenga, ameoa. Aliposikia kwamba mwanawe anakaribia kuwa wa watu wengine moja kwa moja, alifika mahakamani na kanzu iliyonyooshwa vizuri, akasema anamtaka mtoto wake.

Kilichomsumbua Mwaija ni kwamba hakuweza kumchukia. Angependa awe mlevi, au mke wake, Wahida, awe na roho mbaya. Lakini mahakama iliporuhusu Shufaa aende Mapinga mwisho wa juma, alirudi amesukwa twende kilioni, mistari imenyooka, na amejifunza kuendesha baiskeli.

"Walikufanyia nini kingine?" Mwaija aliuliza.

"Baba alinishikia kiti nisianguke."

Afisa ustawi wa jamii, Bwana Bwanausi, alikuja Mlingotini kuona mazingira ya mtoto. Alikaa mkekani, akanywa chai, akamwita Shufaa karibu.

"Ungependa kuishi wapi, Shufaa?"

"Mtakapoona panafaa, baba."

Bwanausi akatabasamu bila furaha. Mtoto alipotoka alisema, "Bi Mwaija, Mapinga nako alinijibu hivyo hivyo."

Hakumwita Mama Shufaa. Mwaija aliliona hilo.

"Hajazoea kuwachagulia wakubwa," alisema.

"Ndilo tatizo langu. Maslahi bora ya mtoto yanapimwa kwa mambo mengi, na mojawapo ni maoni yake. Hakimu atataka kumsikia."

Kesho yake Mwaija alikuwa ufukweni na jirani yake Kuruthumu, wakifunga mbegu za mwani kwenye kamba.

"Mfundishe," Kuruthumu alisema. "Mtoto umemfundisha Yasini nzima, maneno matatu yatakushinda?"

"Maneno gani?"

"'Nataka kwa mama.' Hata kasuku anayaweza."

"Huyu si kasuku."

"Haya, ukae na adabu zako. Utazisuka nywele hizo adabu akishaondoka."

Maneno hayo yalimwingia Mwaija. Alasiri alimweka Shufaa karibu naye, wakawa wanafunga mwani pamoja, akamtamkia maneno yale matatu. Mtoto aliyarudia bila kukosea, kama anavyorudia aya.

Kisha akauliza, "Nikisema hivyo, baba wa Mapinga atafikiri simpendi?"

"Kwani unampenda?"

Shufaa alimtazama usoni, akitafuta jibu lipi lingemfurahisha. Mwaija aliuona mtazamo huo, na fundo alilokuwa akilifunga likamfunguka mkononi. Alikuwa amemlea mtoto vizuri kiasi kwamba yeye mwenyewe hakuweza tena kujua kilichomo moyoni mwake.

"Yaache hayo maneno," alisema. "Usiyaseme."

Siku ya kusikilizwa walikaa katika chumba kidogo, milango imefungwa kwa kuwa shauri lilikuwa la mtoto. Hakimu, mwanamke wa makamo, hakuvaa joho. Alizungumza kwanza na wakubwa, kisha akamgeukia Shufaa.

"Hapa hakuna jibu la kosa. Wewe mwenyewe, unapenda kukaa wapi?"

Shufaa alisimama, akakunja mikono kifuani. "Naomba ruhusa."

"Sema, mwanangu."

Hakusema. Alimtazama Mwaija. Hakimu naye akamtazama Mwaija, akangoja, kama mtu anayeijua desturi hiyo. Ruhusa hiyo ingeweza kumfikisha mtoto Mapinga.

"Sema, mwanangu," alisema. "Lolote lile."

"Sema," Abdillah aliitikia.

Mtoto akamgeukia Feisal. "Na wewe, baba?"

Lilihitajika neno moja. Feisal aliviangalia viganja vyake, vilivyokauka kwa saruji.

"Mheshimiwa, huyu bado mdogo. Atasema alichofundishwa."

"Hajasema kitu, Bwana Feisal. Anakuomba ruhusa."

Feisal alifumbua mdomo, akaufumba. Shufaa aliendelea kusimama, mikono kifuani, kama alivyosimama siku ile ya wali. Hakimu hakumharakisha yeyote. Mwishowe mtoto alikaa mwenyewe, taratibu, akaipanga sketi yake magotini.

Uamuzi ulisomwa baadaye siku hiyo. Shufaa angebaki Mlingotini, katika nyumba pekee aliyoijua tangu uchanga, na baba yake angeendelea kuwa naye mwisho wa juma. Maombi ya kumwasili hayakukubaliwa wala kukataliwa. Yaliahirishwa mpaka pande mbili zikae na ustawi wa jamii. Hakimu alisema mtoto huyo asiulizwe tena mbele ya watu wanaomgombania.

Nje, Feisal alimsogelea Mwaija.

"Niliogopa, dada."

"Najua."

"Wewe hukuogopa?"

"Niliogopa."

Feisal alimbusu mtoto kwenye paji la uso, akaondoka kuelekea stendi.

Katika bajaji ya kurudi, Abdillah alikaa mbele na dereva, wakizungumza kwa sauti juu ya ubovu wa barabara. Nyuma walikuwa Mwaija na Shufaa peke yao.

"Mama, baba wa Mapinga amekasirika?"

"Hapana."

"Mbona hakuniruhusu?"

Mwaija alimvutia kwake, akamfunika kwa upindo wa khanga, kwa maana upepo ulikuwa ukiingia pande zote mbili. Kati ya ruhusa tatu za wazazi, mbili mtoto alikuwa nazo tayari. Na hapo hapakuwa na hakimu wala Feisal. Ilitosha kumuuliza, ungesema nini, mwanangu?

Bajaji ilipita kwenye mashimo, ikapunguza mwendo, ikaongeza. Shufaa alikuwa ameinua uso, akingoja. Mwaija alitazama mbele, na hakuuliza.